Nati ya Tano

Nyumbani kwetu Tanga hakuna safari ndogo. Akialikwa mmoja tumealikwa sote, na Toyota Noah yetu, iliyofika kutoka Japani ikiwa tayari na umri wake, hubeba ukoo mzima pamoja na mizigo ya ukoo. Safari ninayoisimulia ilikuwa ya harusi huko Lushoto: binti wa shemeji yangu mkubwa alikuwa anaolewa. Kule milimani minazi haioti, kwa hiyo sisi wa pwani tulikabidhiwa suala la nazi. Usiku tulipakia magunia ya nazi, masufuria makubwa, khanga za sare na sanduku la bibi harusi. Alfajiri, baada ya sala, mama mkwe alikuwa ameshaketi kiti cha mbele, mkoba mapajani, tasbihi mkononi.

Mume wangu ndiye aliyeona. Tairi la nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa limekaa chini, rimu inakaribia kugusa mchanga.

Hakuna aliyeshtuka. Pancha ni jambo la kila siku, na tairi la spea lilikuwa na upepo. Shemeji yangu mdogo alilishusha, mume wangu akachukua wili spana iliyokuja na gari, ile fupi iliyopinda, akaitia kwenye nati ya kwanza na kuiegemea. Haikwenda. Akajaribu ya pili, nayo haikwenda. Alizizunguka zote tano, kisha akasimama wima akijifuta jasho, na jua lenyewe lilikuwa halijachomoza.

Chanzo kilikuwa cha majuma machache nyuma. Matairi yalikuwa yamepelekwa kwenye gereji bubu moja ili ya mbele yahamishiwe nyuma, na kijana wa pale alizirudisha nati kwa mashine ya upepo. Ile sauti yake ya kung'ata kila dereva anaijua. Alizipiga mpaka mashine ikagoma yenyewe, akapokea hela yake, gari likaondoka. Wengi wetu tunaamini kwamba nati iliyokazwa hivyo ndiyo salama zaidi, na imani hiyo ndiyo iliyotuweka uani asubuhi ile.

Toyota huagiza nati za magari yake mengi madogo zikazwe kwa nguvu ya nyutoni mita 103. Kwa lugha ya nyumbani, ukishika spana yenye mkono wa nusu mita, nguvu hiyo ni sawa na mzigo wa kilo 21 hivi unaoning'inia mwisho wake. Mtu mzima yeyote anaifikia bila kukunja uso. Mashine ya upepo inaweza kutoa mara kadhaa ya nguvu hiyo, na kijana anayeishika hana kipimo isipokuwa sikio lake. Stadi, yaani kile chuma chenye uzi ambacho nati hufungwa juu yake, hufanya kazi kama springi: ukiikaza kiasi, inavutika kidogo sana na kuibana rimu kwenye habu. Mbano huo ndio unaoshika tairi. Ukiikaza kupita kiasi, inavutika isirudi tena, uzi wake unaharibika, na nati inang'ang'ania. Ongeza hapo upepo wa bahari wa Tanga, wenye chumvi inayokula mabati, mageti na vyungu vya maua vya chuma, na utaelewa kwa nini nati tano za gari lililolala nje zilikataa zote kwa pamoja.

Habari za uani hazihitaji simu. Jirani yetu, dereva wa Fuso, alipiga hodi akiwa bado na kikoi chake.

"Shikamoo Mama," alimwamkia mama mkwe kupitia dirishani.

"Marahaba mwanangu. Watazame hao, harusi itatupita."

Jirani alilitazama tairi, akatazama ni la upande gani, akamwambia mume wangu kwa uhakika wa mtu anayekula kwa kazi hiyo, "Bwana, hili ni la kushoto. La kushoto hufunguliwa kwa kukazia. Unapigana na uzi." Akaishika spana mwenyewe, akazungusha kufuata mshale wa saa, na kweli nati ikalia na kusogea kidogo. Watoto walishangilia.

Jirani alisema alichokijua, na kwenye gari lake ni kweli tupu. Malori ya Kijapani ya mfumo wa zamani, Fuso, Isuzu na mengineyo, yana uzi wa kushoto kwenye matairi ya kushoto, ili mzunguko wa tairi usije ukailegeza nati njiani. Mwisho wa stadi zake hugongwa herufi L au R ili fundi asikosee. Lakini Noah haina mambo hayo. Uzi wake ni wa kulia pande zote mbili, na ile sauti iliyoshangiliwa ilikuwa ya nati ya tano ikizidi kukazwa.

Aliyeligundua hilo ni binti yetu wa kidato cha pili. Alikuwa ametoa kitabu cha gari kwenye kisanduku cha mbele, mbele ya magoti ya bibi yake. Kitabu kizima kiko kwa Kijapani, na tangu gari linunuliwe hakuna aliyekifungua. Akakiweka juu ya boneti, akatafuta mpaka akapata ukurasa wenye mchoro wa tairi, mkono ulioshika spana, na mshale mweusi uliopinda.

"Baba," alisema, "mshale unaelekea huku." Akauonyesha kwa kidole: kinyume na mshale wa saa. Tairi la kwenye mchoro lilikuwa la nyuma, kushoto.

Jirani aliinama, akautazama mchoro kwa muda, akasema, "Mtoto yuko sahihi." Kisha akaenda kwake kutafuta kitu cha kutusaidia, na huo ndio uungwana wa jirani yule. Alirudi na bomba la chuma la maji, refu kuliko mkono wa mtu.

Bomba lina nguvu ya kutisha. Mwanamume wa kilo 80 akisimama mwisho wa bomba la mita moja, anaikamua nati kwa nyutoni mita 785 hivi, zaidi ya mara saba ya ile inayoagizwa. Ndiyo maana bomba ni la kufungulia tu, na anayelitumia kukazia anaharibu gari. Shemeji alikuwa ameshaanza kupiga jeki, tairi likawa linazunguka pamoja na spana, mume wangu akamwambia alishushe. Nati hulegezwa tairi likiwa limekanyaga chini, breki ya mkono imevutwa na mawe yamewekwa mbele na nyuma ya tairi jingine. Jeki hufuata baadaye.

Wakalivika bomba kwenye spana, mume wangu akabonyeza polepole. Nati ya kwanza ilitoa mlio mkali uliowafanya kuku wa jirani kuruka, ikaachia. Ya pili na ya tatu zikafuata. Ya nne ilitoka kwa shida, ikilia njia nzima, na ilipofika mwisho ilikuja na vipande vyembamba vya chuma vilivyojikunja, vinang'aa. Mume wangu aliviweka kwenye kiganja akavitazama. Ulikuwa ni uzi wa stadi.

Ikabaki ya tano. Spana iliingia, bomba likabonyezwa, likateleza. Wakajaribu tena, likateleza tena. Shemeji alileta soketi yake yenye meno kumi na mawili ndani, na hapo ndipo kona za nati zilipomalizika. Soketi ya aina hiyo hushika nati kwenye ncha za kona peke yake. Nati ngumu huhitaji soketi ya pande sita inayoibana ubavuni. Baada ya mkamuo wa mwisho nati yetu ilikuwa duara, imeng'aa pale ilipochubuka, na spana ya 21 ilikuwa inazunguka juu yake bila kushika kitu.

Kufikia saa hiyo ua ulikuwa umejaa. Mmoja alisema imwagiwe mafuta ya taa, mwingine soda, mwingine akasema ipigwe moto. Dada wa jirani alishauri tuisomee dua, na mama mkwe akamjibu kutoka garini kwamba dua anaisoma yeye tangu alfajiri, wao watafute fundi. Yaliyobaki niliyasimamia mimi. Moto niliukataa, kwa sababu karibu na nati kuna mpira wa tairi, nyuma yake kuna breki, na tangi la mafuta haliko mbali. Tulimwaga mafuta ya kulainisha kutu pale uzi unapoonekana, tukayaacha yapenye. Mafuta hayo yanahitaji muda, na muda ndicho kitu ambacho watu wenye safari hawana, lakini tukaupata kwa kunywa chai. Nikapiga simu Lushoto kueleza. Wakasema nazi zinasubiriwa.

Fundi aliyekuja ni mzee wa mtaani kwetu, mtu mwenye maneno machache. Alimwamkia kila mmoja, akachuchumaa, akaipapasa nati kwa kidole gumba, kisha akapapasa stadi ya nne iliyochunika. "Hii ya tano," alisema, "itafunguka au itakatika. Yote mawili ni njia. Lakini gari mtalitua kwanza."

Basi tukashusha. Magunia ya nazi yakarudi barazani, masufuria yakafuata, sanduku la bibi harusi likaingizwa ndani lisiguswe na grisi. Mwisho kabisa akashuka mama mkwe, ambaye tangu alfajiri hakuna aliyethubutu kumwomba ashuke. Aliwekewa kiti kivulini, akaamuru chai ya fundi iletwe kabla hajaanza kazi.

Kazi ya mzee ninaikumbuka vizuri kwa sababu nilikaa karibu naye kumpa vifaa. Alitoa soketi kuukuu ya 19, ndogo kuliko nati yenyewe, akaiweka juu ya nati na kuigonga kwa nyundo mpaka ikaingia kwa nguvu, ikaukata chuma na kuushika. Hakuanza kwa kufungua. Kwanza aligonga kichwa cha soketi mara kwa mara ili kutu itingishike, kisha akaikaza nati unywele mmoja, akairudisha, akaikaza, akairudisha, huku akiongeza mafuta. Kila inaporudi ilikuwa inaongeza kidogo. Watu walinyamaza. Alipofikisha karibu nusu mzunguko, chuma kikatoa mlio mfupi, tak, na soketi ikabaki mkononi mwake ikiwa na nati ndani, na kipande cha stadi ndani ya nati.

"Imekatika," alisema, akainywa chai yake.

Palepale ndipo mjadala wa kweli ulipoanza. Shemeji mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa na hamu kuliko wote ya kuwahi, alisema tairi limeshatoka, livikwe la spea, stadi tatu ni nzima na ya nne inashika kidogo, twende polepole. Jua lilikuwa limepanda, na wapo waliotikisa kichwa kumuunga mkono. Maneno yale nimeyasikia kwenye gereji na kwenye vituo vya mabasi: ziko tano, moja si kitu.

Mzee hakupandisha sauti. Alimwuliza, "Mnapita wapi?"

"Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, halafu tunapanda."

"Mnapanda Soni na nati tatu, na mama yako ndani?"

Shemeji akakaa kimya.

Atakayesoma hapa aijue sababu. Nati moja ikikosekana, kazi yake haipotei, inahamia kwa zilizobaki, na kwanza kwa zile mbili za jirani yake. Hizo nazo zilikazwa na mashine ileile siku ileile, zikavutwa kwa bomba lilelile. Tairi likianza kucheza hata kidogo, matundu ya rimu hupanuka, stadi hupinda na kurudi kila tairi linapozunguka, mpaka zinaanza kukatika moja baada ya nyingine. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto imekatwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, bonde upande mmoja. Siku ya kurudi mtu anashuka huko amekanyaga breki muda mrefu. Si mahali pa kwenda kupima kama tatu zinatosha.

Mama mkwe ndiye aliyefunga kesi. "Wakitaka kuoza waoze," alisema. "Mimi nitakula pilau la moto au la baridi, lakini nitalila nikiwa hai. Fundi, endelea mwanangu."

Mume wangu alipanda bodaboda na kipande cha stadi mfukoni kwenda kwenye maduka ya spea mjini. Kipande kile kilikuwa na umuhimu wake. Stadi nyingi za Toyota ndogo zina unene wa milimita 12, na hatua ya uzi wake ni milimita 1.5. Za Nissan nyingi zina unene uleule, lakini hatua ya uzi ni 1.25. Kwa macho hazitofautiani. Nati ya moja ikilazimishwa kwenye nyingine, inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inaula uzi. Muuzaji mzuri huijaribu nati kwa vidole mbele yako, nayo inapaswa kwenda mpaka mwisho bila spana. Alirudi na stadi mbili na nati mbili, ya tano na ya nne, kwa bei ndogo kuliko nauli ya mtu mmoja kwenda Lushoto.

Mzee aliliweka gari juu ya stendi, akahakikisha mawe kwenye matairi ya mbele, ndipo akaachia breki ya mkono ili dramu ya breki itoke. Akaizungusha habu mpaka tundu likafika penye nafasi, akaigonga stadi iliyokatika kwa nyundo, ikarudi nyuma na kuanguka. Hapo nikaona jinsi ilivyotengenezwa: shingoni ina meno madogo yaliyonyooka, yanayouma ndani ya tundu la habu ili isizunguke. Stadi mpya aliiingiza kwa nyuma, mbele akaipangia wosha kadhaa na nati kuukuu iliyogeuzwa, akaikaza taratibu, na kila alipokaza stadi ilikuwa inavutwa mpaka kichwa chake kikalala bapa kwenye habu. Akafanya hivyo kwa zote mbili. Kisha akachukua brashi ya waya, akausugua uso wa habu ukawa safi, akasugua na stadi za zamani, akazifuta zikakauka.

Shemeji alimletea grisi. Mzee aliikataa. Kipimo cha kiwandani ni cha uzi mkavu. Ukiupaka grisi, nati inateleza, na mkono uleule unaivuta stadi kupita kiasi huku mwenyewe ukidhani umekaza sawasawa.

Nati zote tano zilianzishwa kwa vidole. Nasisitiza vidole, kwa sababu nati nyingi zinazokuja kuliwa huanzishwa na mashine zikiwa zimekaa kombo. Akazikaza kwa kurukia ng'ambo, hii kisha ile ya mbali nayo, ili rimu ikae sawa. Gari liliposhushwa akamalizia kwa spana ya kawaida na mkono wake mmoja, bila bomba, bila mguu. Halafu akamwita binti yetu. "Njoo na kitabu chako," alimwambia, "ujaribu wewe." Akampa spana, akamwelekeza kulegeza nati moja ya mbele na kuikaza tena. Nati ya mbele nayo ilihitaji bomba. Basi mzee akazilegeza zote za matairi matatu yaliyobaki, moja moja, akazikaza upya, na asubuhi ikawa imetuishia.

Tuliondoka baada ya adhuhuri. Segera tulisimama, mume wangu akazipitia nati zote kwa spana, kwa sababu stadi mpya hukaa vizuri baada ya tairi kuzunguka kidogo, na mafundi hushauri zikaguliwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Mbili zilisogea kidogo. Tukapanda mlima jioni kwa utulivu. Ndoa ilikuwa imeshafungwa, lakini bibi harusi alikuwa hajatoka, na nazi zetu zilienda moja kwa moja kwenye mbuzi. Mama mkwe alikula pilau la moto.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu nyumbani, nami ninautoa kwa kila mwenye gari. Ukipeleka tairi kuziba pancha, simama pale, na fundi akifika kwenye kukaza mwambie aiweke mashine chini akaze kwa mkono. Atanuna kidogo, kisha atakaza. Kabla ya safari ndefu, jaribu kuzilegeza nati zote nyumbani mchana, duka la spea likiwa wazi na fundi akiwa karibu, kisha uzikaze upya. Ndani ya gari weka soketi ya pande sita inayolingana na nati zako, bomba la kufungulia, na ubao wa kuweka chini ya jeki. Kama gari lako lina nati za kufuli zinazofunguliwa kwa ufunguo wake maalumu, hakikisha leo kwamba ufunguo huo upo. Na stadi ikikatika, gari lisiende safari mpaka nyingine iwe imewekwa, hata kama ni moja kati ya tano, hata kama harusi inasubiri.